Kompyuta na Elimu ya Utawala wa Biashara: Historia Fupi kwa Vijana wa Shinyanga na Geita



Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike juu ya jambo ambalo vijana wa kidato cha tano na cha sita wamekuwa wakiniuliza kwa miaka kadhaa, kwa kuwa wanajua kwamba mimi ni mtumishi wa Serikali katika kazi za kompyuta. Wanauliza hivi: mtu aliyekwisha kupata shahada ya kompyuta ana haja gani ya kurudi chuoni kusoma Shahada ya Uzamili ya Utawala wa Biashara, ile ambayo wengi huitaja kwa herufi zake tatu tu, MBA? Je, si afadhali aongeze ujuzi wa kompyuta yenyewe?

Nakusudia kulijibu swali hili kwa njia ya historia, maana naona historia ya nchi yetu, na hasa ya mkoa wetu huu wa Shinyanga na ya jirani zetu wa Geita, inalijibu vizuri kuliko ninavyoweza mimi kwa maneno yangu mwenyewe.

Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Ilikuwa mtambo ulioitwa ICT 1500. (Jina la kompyuta lenyewe lilikuwa geni kabisa. Baadaye wako wataalamu wa lugha waliopendekeza tuiite ngamizi, na wengine tarakilishi, lakini watu wamekwisha kuamua, nami nafuata wengi.) Vijana ambao simu zao za mfukoni zina nguvu kuupita mtambo ule mara nyingi mno wasicheke. Mitambo ya siku zile ilijaa chumba kizima, ilitaka ubaridi usiku na mchana, na haikujua kusoma karatasi iliyoandikwa kwa kalamu. Kwa kawaida kila hati ya malipo ilipaswa kwanza kunakiliwa kwa kutoboa matundu katika kadi ngumu, tundu kwa tundu, na kadi hizo ndizo zilizolishwa mtamboni. Tundu moja likikosewa, mshahara wa mtu uliweza kwenda kwa mwingine.

Kazi iliyokusudiwa ilikuwa kubwa na njema, nayo ni kutunza hesabu za Serikali. Lakini matokeo hayakuwa mema. Hesabu zilizohamishiwa kwenye kompyuta zilivurugika, Wizara ikashindwa kuyadhibiti matumizi ipasavyo, fedha nyingi zikapotea, na mwishowe ikabidi makarani warudie kuandika kwa mkono. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini.

Wako wanaolisimulia jambo hili kwa kicheko, hasa wageni wanaoandika vitabu juu yetu. Mimi sicheki. Mwaka 1974 ulikuwa mwaka wa njaa. Mvua zilikuwa zimetutupa, mahindi yalikuwa yakinunuliwa nje, na bei ya mafuta ilikuwa imepanda mara nne katika miezi michache tu. Waziri yeyote aliyeona fedha za kigeni zikiteketea kwenye mtambo usiotoa hesabu sahihi, wakati meli za nafaka zinasubiri kulipwa, angefanya vivyo hivyo. Hata hivyo gharama yake tuliilipa baadaye. Ruhusa zilianza kutolewa moja moja katika miaka ya 1980, na milango ilikuja kufunguliwa wazi katika miaka ya 1990. Kwa hiyo kijana wa Tanzania aliyemaliza chuo mwaka 1975 akiwa na kipaji cha kompyuta alikuwa kama mvuvi mahali pasipo na ziwa.

Kwa nini mtambo ule ulishindwa? Chuma chenyewe hakikuwa na kosa, maana mitambo ya namna hiyo ilifanya kazi vizuri kwingineko. Nionavyo mimi, tatizo lilikuwa la watu. Walioujua mtambo wengi wao walikuwa wageni wa mkataba, ambao hawakuzijua taratibu za fedha za Serikali wala safari ya hati ya malipo kutoka wilayani hadi Hazina. Wahasibu wetu nao walizijua hati vizuri sana, lakini hawakujua kinachotokea ndani ya mtambo. Mhasibu alipoona kosa hakujua pa kulitafuta, na fundi alipolipata kosa hakujua kama ni kosa. Katikati ya makundi hayo mawili hapakuwa na mtu. Naomba msomaji aishike nafasi hiyo ya katikati, kwa sababu ndiyo nitakayoizungumzia mpaka mwisho wa makala haya.

Jambo la mtambo mzima kushindwa kwa sababu ya hesabu si la kompyuta peke yake, na sisi wa huku tumelishuhudia katika madini. Dhahabu ya Geita iligunduliwa mwaka 1898, wakati wa Wajerumani, na kuanzia miaka ya 1930 mgodi wake ukakua hata ukawa mkubwa kuliko yote ya dhahabu katika Afrika Mashariki. Mwaka 1966 ukafungwa. Wazee wengi wa Geita waliambiwa, na wengine wanaamini hadi leo, kwamba dhahabu ilikwisha. Haikwisha. Bei rasmi ya dhahabu duniani ilikuwa imefungwa kwenye dola 35 kwa aunsi tangu mwaka 1934, na kwa muda wote huo bei za mafuta, vipuri na mishahara zilikuwa zikipanda. Wahandisi wa Geita walijua kuchimba mwaka 1966 kama walivyojua miaka iliyotangulia. Kilichofunga mgodi ni kujumlisha na kutoa. Na mgodi mpya ulipoanza kutoa dhahabu mwaka 2000, ulichimba katika vilima vile vile, baada ya bei na gharama kubadilika.

Kinyume chake tunacho hapa hapa Shinyanga, kule Mwadui. Dakta John Williamson, Mkanada, alikuwa mwanajiolojia aliyesomea Chuo Kikuu cha McGill. Aliipata almasi ya Mwadui mwaka 1940. Wanajiolojia wengi wakikuta kitu kama hicho huliuzia kampuni kubwa eneo lao na kubaki waajiriwa. Yeye aliung'ang'ania mgodi, akauendesha mwenyewe, akajenga mji na huduma zake, akavutana na De Beers, wafalme wa soko la almasi duniani, kuhusu masharti ya kuuza mawe yake. Mpaka alipofariki Januari 1958 mgodi ulikuwa wa kwake, na ni baada ya hapo ndipo uliponunuliwa na De Beers pamoja na Serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu. Simsifu kwa kila jambo, maana utajiri ule haukuwa wa wananchi waliouchimba. Ninalosema ni kwamba alikuwa na ujuzi wa aina mbili, wa mwamba na wa soko, na kwamba wa kwanza bila wa pili ungemfanya mtumishi wa wengine.

Sasa tugeukie elimu yenyewe. Shahada ya Utawala wa Biashara ilianza Marekani. Chuo Kikuu cha Harvard kilianzisha shule yake ya biashara mwaka 1908, wakati reli na viwanda vya huko vilikuwa vimekua mno hata mwenye mali hakuweza tena kuviendesha kwa macho yake. Hapa kwetu, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mabenki, viwanda na biashara kubwa viliingia mikononi mwa umma, na ghafla nchi ikahitaji mameneja kwa mamia. Ndiyo sababu mwaka 1972 peke yake uliona kuanzishwa kwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, Mzumbe, na Chuo cha Usimamizi wa Fedha, Dar es Salaam. Mwaka 1979 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikafungua Kitivo cha Biashara na Uongozi, ambacho siku hizi ni Shule Kuu ya Biashara.

Msomaji ataona jambo la ajabu katika tarehe hizo. Elimu ya uongozi wa biashara ilipanda nchini katika miaka ile ile ambayo kompyuta ilizuiwa. Meneja wa miaka ya 1970 alifundishwa mizania, sheria ya mikataba na utunzaji wa bohari, lakini bila kompyuta. Na kompyuta iliporudi, ilifundishwa upande wa pili, kwa wanahisabati na wahandisi, ambao hawakufundishwa mizania. Njia hizo mbili zilitoka nyumba moja na zikaenda mashamba tofauti. Mimi mwenyewe nilihitimu kompyuta mwaka 2005 bila kuwahi kuulizwa darasani shilingi hutoka wapi na hurudi vipi.

Serikali, kwa upande wake, ilirudi kwenye jambo lililoishinda. Mwaka 1998 ilianza kuweka mfumo mpya wa pamoja wa kusimamia fedha, kwanza wizarani, kisha mikoani na katika halmashauri. Safari hii kazi iliongozwa na wenye hesabu wenyewe, ofisi ya Mhasibu Mkuu wa Serikali, wataalamu wa kompyuta wakiwa wazalendo kwa sehemu kubwa, na makarani wakafunzwa. Mfumo ule ulikuwa na kasoro zake, nami nimekesha nao usiku mwingi wa kufunga mwaka wa fedha. Lakini ulisimama, na juu ya uzoefu huo ikajengwa mifumo iliyofuata, kama ule wa malipo ya Serikali kwa kumbukumbu namba ulioanza mwaka 2017. Mtu wa katikati alikuwa ameanza kupatikana.

Migodi mipya ilipofunguliwa, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, kompyuta iliingia katika ukanda wetu kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana. Wengi hudhani kompyuta mgodini ni ya kuandikia barua. Sivyo. Kuna programu inayochora mwamba chini ya ardhi na kukadiria gramu za dhahabu katika kila tani. Kuna inayoelekeza malori yasisubiriane kwenye mashine ya kupakia. Kuna ya maabara ya kupima sampuli, ya bohari, ya mishahara, ya matengenezo. Kila mojawapo humaliza kazi yake kwa kutoa namba, na kila namba hugeuka fedha. Lori moja kubwa likisimama saa moja kwa kukosa kipuri ambacho kompyuta ya bohari ilisema kipo, hasara yake inapita mshahara wa mwezi wa fundi wa kompyuta.

Vijana wetu kadhaa wa shule hii waliajiriwa migodini katika miaka hiyo, na nimezungumza na wengi wao. Walipokelewa kama mafundi, wakafanya kazi nzuri, wakapata mishahara ambayo sisi wa Serikalini tuliionea wivu. Lakini baada ya miaka saba au minane waliona dari. Nafasi iliyofuata haikuwa ya kujua seva zaidi. Ilikuwa ya kutetea bajeti mbele ya wakurugenzi, kuandaa zabuni, kuamua kama mfumo ununuliwe au ukodishwe. Nafasi hizo mara nyingi zilikwenda kwa mtu kutoka nje, ambaye huenda alikuwa hajui kufungua kompyuta kwa bisibisi, ila alijua kuielezea kwa lugha ya gharama. Wako waliobaki na manung'uniko. Wako watatu ninaowafahamu waliosoma biashara. Wawili kati yao leo ni mameneja, na wa tatu alibaki pale pale, nitaeleza kwa nini.

Niseme kidogo juu yangu. Niliajiriwa mwaka 2006 katika halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa. Kwa miaka saba ya kwanza nilikuwa mtu wa kuitwa. Printa ikikwama naitwa, intaneti ikikatika naitwa, mkubwa akisahau neno la siri naitwa. Katika kikao cha menejimenti niliingia kufunga projekta, kisha nikatoka. Mwaka 2013 nikakopa SACCOS ya watumishi na kuanza kusoma MBA Mwanza, masomo ya mwisho wa juma. Kila Ijumaa jioni nilipanda basi, kilomita zipatazo 160, na Jumapili usiku nikarudi. Mke wangu anayo maoni yake juu ya miaka ile, ambayo hayafai kuchapishwa hapa.

Sikujifunza programu hata moja. Nilijifunza kusoma mizania. Kujua tofauti ya matumizi ya kawaida na ya mtaji. Kuhesabu uchakavu wa mali. Kupima kama fedha inayowekwa leo itarudi lini. Na katika somo la tabia za watu kazini, kwa nini mtu hukataa mashine mpya huku akiisifu mdomoni. Somo hilo la mwisho nililidharau kwa wiki mbili, ndilo likaja kunifaa kuliko yote.

Mfano ni huu. Halmashauri yetu ilikuwa imenunua mashine za mkononi za POS za kukusanyia ushuru, ili fedha zisiishie mifukoni. Siku za kawaida zilifanya kazi. Siku za mnada wa ng'ombe, ambapo ndipo penye fedha, nyingi zilizimika. Tuliambiwa ni chaji, ni mtandao, ni vumbi. Kitengo chetu kilipeleka betri, kikapeleka laini mpya za simu, na mashine zikaendelea kuugua siku za mnada tu. Kifundi nilikuwa nimefika mwisho. Kwa jicho la pili nililolipata Mwanza niliuliza swali jingine: mashine ikizimika, nani anapata? Nikachukua vibali vya kusafirisha mifugo vilivyotolewa kila mnada na kuvilinganisha na risiti za mashine na fedha zilizofika benki. Ng'ombe walikuwa wengi kuliko risiti. Nikaandika kurasa mbili, si za mtandao bali za fedha, nikapendekeza kila mkusanyaji apeleke fedha benki siku inayofuata na kwamba idadi ya vibali ilinganishwe na makusanyo yake kila wiki. Afya ya mashine zile iliimarika bila dawa yoyote. Anayesoma ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anajua kwamba ugonjwa huu umekuwa wa halmashauri nyingi, wala si wa kwetu peke yake.

Tangu siku hiyo nilianza kubakizwa kikaoni baada ya kufunga projekta. Mwaka 2018 nikateuliwa kuongoza kitengo cha TEHAMA, yaani Teknolojia ya Habari na Mawasiliano. Sisemi ni cheti kilichoniteua, kwa maana miundo yetu ya utumishi ina madaraja yake na miaka yake, na mtu hapandi kwa sababu tu ameongeza herufi mbele ya jina. Kilichobadilika ni jinsi nilivyouliza maswali, na wakubwa wakaona.

Huko duniani mambo ni hayo hayo kwa kipimo kikubwa. Satya Nadella, mzaliwa wa India, alikuwa mhandisi wa Microsoft mwenye shahada ya uzamili ya kompyuta, akawa anasafiri kwa ndege mwisho wa juma kwenda kusoma biashara Chuo Kikuu cha Chicago hata akahitimu mwaka 1997. Mwaka 2014 akapewa kuiongoza kampuni nzima. Tim Cook, mhandisi wa viwanda, alipata MBA ya Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1988 alipokuwa mfanyakazi wa IBM, na mwaka 2011 akawa mkuu wa Apple. IBM yenyewe ilipokaribia kuanguka mwaka 1993 ilimwita Louis Gerstner, msomi wa biashara wa Harvard, aliyetoka katika kampuni ya biskuti na sigara, na ndiye aliyeiinua.

Lakini nisije nikaonekana mpiga debe wa vyuo. Bill Gates aliacha chuo. Na hapa jirani, Bob Collymore, aliyeiongoza Safaricom ya Kenya kuanzia mwaka 2010 hadi alipofariki mwaka 2019, katika miaka ambayo M-Pesa ilikua na kuwa mfano kwa ulimwengu, hakuwa na shahada yoyote ya chuo kikuu. Alianza kazi kama karani wa kampuni ya simu Uingereza na akajifunza biashara kwa kuifanya. Mwenye kuweza njia hiyo na aifuate. Tatizo ni kwamba katika ofisi zetu fundi huachwa chumbani na seva zake kwa miaka ishirini, na hakuna anayemwonyesha mlango wa pili.

Nilisema nitaeleza habari za yule mwenzetu wa tatu. Alisoma MBA mara tu baada ya shahada ya kwanza, mfululizo, kabla ya kufanya kazi hata siku moja. Alipofundishwa upinzani wa wafanyakazi dhidi ya mabadiliko hakuwa na mfanyakazi wa kumkumbuka. Alipofundishwa bajeti hakuwahi kuona moja ikikatwa. Alifaulu vizuri kuliko mimi. Kazini wakamwona ana vyeti vingi kuliko cheo chake, naye akajiona vivyo hivyo, na hapo hapakuwa na masikilizano. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba kijana afanye kazi ya kompyuta kwanza, miaka minne au mitano, aungue vidole, ndipo aende. Vyuo vizuri vingi vinapendelea mwombaji mwenye uzoefu, na vina haki.

Liko jambo jingine linalonifanya niandike kwa mkazo, nalo linatugusa sisi wa ukanda wa dhahabu kuliko Watanzania wengine. Machi 2017 Serikali ilizuia kusafirisha nje makinikia, ule mchanga wenye dhahabu, shaba na madini mengine kutoka Bulyanhulu na Buzwagi. Makontena 277 yalikuwa yamezuiwa bandarini Dar es Salaam. Rais Magufuli aliunda kamati mbili. Ya kwanza, chini ya Profesa Abdulkarim Mruma, ilichunguza ndani ya mchanga mna nini. Ya pili, chini ya Profesa Nehemiah Osoro, ilichunguza uchumi na sheria za mikataba. Mabishano yalikuwa makali, namba zilizotajwa zilikuwa kubwa mno, na watu watabishana juu ya namba hizo kwa muda mrefu ujao. Hatimaye Januari 2020 yakatiwa saini makubaliano na Barrick: dola milioni 300, kampuni ya pamoja ya Twiga, na hisa asilimia 16 kwa Serikali. Nilipokuwa nikifuatilia habari zile niliona tena nafasi ya mwaka 1974. Ilibidi kamati ziwe mbili, moja ya mchanga na moja ya fedha, kwa sababu walioweza kusoma vyote viwili hawakuwa wengi.

Hata katika halmashauri zetu ndogo jambo ni hilo hilo. Sheria inaruhusu ushuru wa huduma kwa kiwango cha asilimia ya mauzo ya kampuni, lakini kwa miaka mingi migodi mikubwa ililipa kwa mujibu wa mikataba dola 200,000 kwa mwaka, iuze kidogo au iuze sana. Siku hizi tunazungumza asilimia ya mauzo. Basi nani katika halmashauri anaweza kuipokea taarifa ya mauzo kutoka katika kompyuta ya kampuni, akajua imetengenezwaje, ikaacha nini, na shilingi ngapi zinatakiwa? Mweka Hazina peke yake hawezi, wala Afisa TEHAMA peke yake. Darasa la sayansi linalokosa meza, zahanati isiyo na umeme, vyote viko ndani ya tarakimu hizo.

Kwa wale wanaoamua tahasusi: wa PCM na EGM wanaotaka kompyuta waendelee, hisabati ndiyo mlango, na wasiuache uchumi ukawa wa watu wengine. Wa ECA nao wasidhani kompyuta si yao. Na kwa wenzangu walio kazini, si lazima tena kwenda Dar es Salaam kama zamani. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa mwaka 1992, kina vituo mikoani, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kipo Mwanza, Mzumbe imesogea, na ESAMI ya Arusha, ambayo mizizi yake ni chuo cha uongozi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza, hupokea watu wa kazini. Ada ni ya mamilioni, kwa hiyo ulizeni mapema kama mwajiri atachangia, na mpate ruhusa kwa maandishi kabla ya kulipa, kwa sababu ruhusa ya mdomo huhamishwa pamoja na mkuu aliyeitoa.

Mwenye swali aniandikie kupitia kwa mhariri, nami nitajibu kila barua. Siku ya mkutano nitakuwapo pia, lakini naomba ndugu zangu mwaka huu msiniletee simu zilizoingia maji.